Tunakoboa Nafaka Zote

Yustina mwanangu,

Habari za shuka, dawa ya meno na kutomwachia mtu begi lako stendi ya Morogoro umeshapewa na shangazi yako, tena kwa sauti kubwa hata sasa mtaa mzima wa Lumemo unajua kusafiri. Hayo mimi nayaruka. Basi lako ni la alfajiri na ninajijua: nitakuwa nimelishika begi, nimekodoa macho, nasema "haya, haya, haya," na hakuna la maana litakalonitoka. Ndiyo maana naandika jioni hii, nimekaa hapa mashineni juu ya magunia, mlango wazi, nikiwasikia wewe na Vero huko jikoni mnakatakata vitunguu bila kusemezana.

Nataka kuzungumza nawe juu ya yale maneno yako mawili, kovariansi na kontravariansi. Usicheke. Nimeyaandika kwenye kiganja ili niyapatie. Mimi niliishia kidato cha nne, na hesabu zangu zilikuwa za namna ambayo bibi yako, watu wakimuuliza kanisani, alikuwa anajibu, "Kiswahili amefanya vizuri sana." Lakini tangu siku ile umeme ulipokatika, maneno haya yamenikaa kichwani kama wimbo wa kwaya. Nikikoboa nayawaza, nikioga nayawaza. Jana Vero, mke wangu, alinikuta nikilieleza sufuria. (Ona, nimepata nafasi ya kuandika "mke wangu" na bado niko mwanzo kabisa wa barua. Nitaitafuta tena.)

Unaikumbuka siku hiyo. Mashine ilinyamaza ghafla, wateja wakaenda kukaa kwa jirani, na wewe ukabaki na kompyuta yako juu ya gunia la pumba. Ukasonya.

"Nani amekuudhi?"

"Kompyuta imeikataa programu yangu, baba."

"Ipige kidogo ubavuni."

"Baba!"

Ukaniambia unaandika programu ya mazoezi kabla ya kwenda chuo, na umeweka ndani yake mashine na nafaka kama za kwetu. Mahali fulani ulikuwa umeiweka mashine ya mpunga pale ilipotakiwa mashine ya nafaka, na kompyuta ikagoma kama punda. Mimi nikashangaa. Mpunga si nafaka?

"Ngoja nikuulize taratibu," ukasema. "Kila mpunga ni nafaka. Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo."

"Mtu akitaka gunia la kutolea nafaka, nafaka yoyote, nikampa gunia la mpunga, atalalamika?"

"Alalamike nini? Ameomba nafaka, amepata nafaka. Tena ya Ifakara."

"Haya. Mpunga umo ndani ya nafaka, na gunia la mpunga linatosha mahali pa gunia la nafaka. Vinakwenda njia moja. Hiyo ndiyo kovariansi."

"Kumbe rahisi namna hii, mnakwenda kuisomea Dodoma ya nini?"

"Subiri. Sasa mtu akitaka mashine ya kupokea nafaka, nafaka yoyote, nikampa mashine ya mpunga?"

Nikafungua mdomo niseme naye hana cha kulalamika. Kabla sijasema, mlangoni kikapasuka kicheko. Vero alikuwa amesimama pale na bakuli la wali, anacheka mpaka kifuniko kinagonga.

"Muulize vizuri baba yako hilo," akasema. "Ana ushahidi."

Na wewe ukacheka, Yustina. Nilikuona. Ulicheka kwa meno yote, halafu ukakumbuka kwamba huyu ni mtu ambaye huwa hucheki naye, ukainamia kompyuta.

Ushahidi wenyewe uliusikia harusini kwetu kutoka kwa baba yako mdogo, ambaye akisimulia jambo hulipika upya. Mimi nakupa ulivyokuwa.

Nilipofungua mashine hii, mchora mabango aliniuliza aandike nini. Nikamwambia, "Tunakoboa mpunga." Akautazama ubao, akautazama tena. "Mzee, ubao utabaki mtupu huu. Ongeza maneno." Basi nikaongeza. TUNAKOBOA NAFAKA ZOTE. Akasema bado kuna nafasi, tukatia NA KUSAGA. Sikuona ubaya wowote. Mwenye mpunga ana nafaka, kwa hiyo mwenye mashine ya mpunga ana mashine ya nafaka. Ndivyo nilivyofikiri, na hakuna aliyewahi kunipinga, maana watu wa hapa wanaijua mashine yangu, mwenye mahindi yake anapita moja kwa moja.

Halafu akaja mtu asiyeijua. Alikuwa amevuka daraja kutoka Lupiro kuja kumhudumia dada yake aliyejifungua, na nyuma ya baiskeli amefunga mfuko wa mahindi ya uji wa mzazi. Akalisoma bango. Akaliamini.

"Habari za kazi, kaka. Mnasaga mahindi?"

Mwanangu, nikueleze nini? Alikuwa amevaa kitenge cha kijani, kijani cha mpunga unaokaribia kuchanua, na jua la njiani lilikuwa limemwachia jasho dogodogo juu ya mdomo, na alikuwa amesimama na baiskeli yake kama mtu aliyefika kwake. Nilikuwa nimekaa miaka mingi bila kutazama rangi ya nguo ya mtu. Nikamjibu, sijui nani alinituma, "Dada, kwani hujasoma bango?"

Mashine yangu ina roli za mpira, yale magurudumu mawili yanayozunguka ndani. Unazijua. Mpunga zinaubembeleza tu, ganda linabanduka lenyewe. Mahindi haziyajui. Nililifahamu hilo vizuri kabisa, na bado nikayamimina. Kelele iliyotoka sijaisikia tena. Mpira ukanuka, punje zikaruka kama mawe ya manati, kuku wa mtaa mzima wakafika kana kwamba wamealikwa. Nikazima. Vero akaokota punje moja, akaigeuzageuza kwenye kiganja.

"Kaka, huu si unga. Haya mahindi yamechapwa tu."

"Mpunga nao ni nafaka," nikajitetea.

"Sikuja kuuliza kama mpunga ni nafaka. Nilikuja kuuliza kama mdomo wa mashine yako unapokea mahindi."

Nikasukuma baiskeli yake mimi mwenyewe mpaka kwa mwenye mashine ya mahindi, na ni mbali, na nikaomba iwe mbali zaidi. Wakati wa kuagana akanitazama pembeni akasema, "Kesho nikuletee mtama?" Nikajua nimekwisha.

Sasa wewe na kompyuta yako mmenifanya nikielewe kile nilichokosea. Anayetoa mpunga anatosha mahali pa anayetoa nafaka. Lakini kwenye kupokea, mshale wa njia hiyo unageuka. Mashine inayopokea nafaka zote inatosha mahali pa mashine ya mpunga, kwa sababu mwenye mpunga hatakwama. Mashine ya mpunga haitoshi mahali pa ile ya nafaka zote, kwa sababu siku moja atakuja mtu wa Lupiro na mahindi. Mpunga na nafaka ni vilevile, havijabadilishana nafasi. Mashine ndizo zimegeuka. Kinachotoa kinafuata njia ya kile kinachotolewa, kinachopokea kinakwenda kinyume. Nimekaa na mashine hii muda wote huo, na sikuwahi kuona kwamba mdomo wake na tumbo la gunia vinafuata sheria mbili tofauti! Dunia hii ina mambo yamelala wazi mchana kweupe, tunayaruka kwa miguu.

(Bango nimelipaka rangi upya. Linasema TUNAKOBOA MPUNGA. Kwa kuwa nafasi ilibaki, nilitaka kuongeza "Wenye mahindi karibuni tuongee." Vero akauliza, "Waongee na nani?" Tukaliacha hivyo.)

Ile sehemu ya pili uliyonieleza, ile ya hesabu zenyewe, ilinichukua muda zaidi. Ulisema maneno haya yalikuwa ya wanahisabati kwanza, ndipo watu wa kompyuta wakayaazima. Nikakuambia nioneshe kwa kitu ninachokijua. Ukachukua kisado na debe, ukaviweka mbele ya gunia moja.

"Gunia ni hili hili, baba. Ukilipima kwa kisado, hesabu inakuwa kubwa. Ukilipima kwa debe?"

"Inakuwa ndogo."

"Kipimo kimekua, hesabu imeshuka. Imekwenda kinyume na kipimo. Na bei ya kipimo kimoja?"

"Ya debe ni kubwa kuliko ya kisado. Hata mlevi anajua."

"Hiyo imekwenda pamoja na kipimo. Sasa gunia lenyewe limefanya nini?"

Nikalitazama gunia. Lilikuwa limekaa tu. Ukasema wanahisabati hufanya hivyo na mishale na pande za dunia; wanabadilisha vipimo makusudi, wanaangalia kipi kinapanda na kipi kinashuka, ili wakijue kile ambacho hakikubadilika. Nimelipenda jambo hilo kupita kiasi. Tangu hapo kila mteja akimwaga mpunga kwenye debe nalitazama gunia lake kwa heshima.

Lakini ndipo nilipoanza kuelewa jambo lingine, na hili sikukuambia.

Nimekuona, mwanangu, ukimpima Vero kwa debe la mama yako. Sikulaumu. Ni debe ulilokulia nalo. Lilikuwa kubwa, mimi mwenyewe nililitumia kupimia kila mwanamke aliyesalimiana nami tangu tulipomzika, na kila hesabu ilitoka ndogo, nikasema basi, wanawake wameisha duniani. Kumbe nilikuwa nasoma kipimo nikidhani nasoma mtu. Vero anaimba vibaya. Mama yako aliimba vizuri. Vero anatia chumvi nyingi. Vero hajui hadithi zako za utotoni. Ukipima hivyo anatoka robo. Na wakati wote huo yeye amekaa pale pale, mzima, na mimi ninayelala karibu naye nakuambia ni gunia limejaa mpaka mdomo wa kushonea. Siku mvua inanyesha anatoka nje kwenda kuisikiliza. Anausalimia mpunga wa watu barabarani. Akinitania, nywele zangu za mvi zinaona haya. Basi, nanyamaza, wewe ni binti yangu.

Nakuja kwenye siku ya harusi. Unajua nakokwenda. Nilikuwa nimelewa furaha, nikapewa kipaza sauti, na mtu kama mimi hapewi kipaza sauti. Mbele ya wageni wote nikasema, "Yustina, njoo umsalimie mama yako."

Ukaja. Ukapiga goti kidogo, kama ulivyofundishwa. Ukasema, "Shikamoo." Na baada ya hapo, pale ambapo huwa panakaa neno, shikamoo mama, shikamoo shangazi, hukuweka kitu. Shikamoo yako ikasimama peke yake mbele za watu. Vero akaitika, "Marahaba, mwanangu," na ngoma ikapigwa. Tangu siku hiyo kila asubuhi ni hivyo. Shikamoo. Marahaba. Huna adabu mbaya, hakuna anayeweza kukushitaki. Unamwambia "samahani" ukitaka apite. Ukitaka kumwita unakwenda mpaka alipo, usilazimike kutaja jina lake.

Nikueleze kwa nini nilikimbilia neno lile. Vero hakujaliwa mtoto na marehemu mumewe. Dada zake wote ni mama fulani, yeye ni Vero, kwa wakubwa na kwa wadogo. Nilitaka kumpa zawadi. Nikasahau kwamba zawadi yenyewe ilikuwa mdomoni mwako, haikuwa mfukoni mwangu. Nilirudia kosa la bango, Yustina. Nilisimama mbele za watu nikatangaza kwamba moyo wa mwanangu unapokea nafaka zote, bila kuuliza roli zake ni za nini.

Nilipomlalamikia Vero juu yako, unajua alinijibuje? "Mwache mtoto wa watu. Akisema shikamoo, naipokea. Akisema shangazi, naipokea. Akipiga mluzi nitageuka. Lile bango lako la zamani nipe mimi, nilibandike kifuani."

Na kuna jambo ulilisema siku ile ya umeme, ulilisema kwa kupita tu, mimi ndilo lililonikaba. Ulisema gunia la mpunga linatosha mahali pa gunia la nafaka endapo ni gunia la kutolea tu. Likiwa ni la kutoa na kutia, sheria inavunjika, maana mtu ataliita gunia la nafaka na kutia mahindi juu ya mpunga wako. Ukasema kitu kinachotoa na kupokea kwa pamoja hakisogei upande wowote. Kinatosha mahali pake tu.

Nikafikiri: na mtu je? Mtu anatoa na kupokea mpaka anakufa. Basi Vero hawezi kukaa mahali pa mama yako. Mimi nilidhani nampandisha cheo, kumbe nilikuwa namtia kwenye gunia la mwenzake. Na mama yako, pamoja na mapenzi yote niliyokuwa nayo kwake, naye hawezi kukaa mahali pa Vero. Ilinichukua jioni nzima kulikubali hilo la pili.

Huko unakokwenda sina uzoefu nako, kwa hiyo sitakupa mawaidha ya Dodoma. Ninachojua ni kidogo. Mama yako alikuwa akipika ugali na perege, mimi nausogeza pembeni, nataka wali. Wali leo, wali kesho. Alikuwa anacheka: "Una tumbo la mashine yako." Na yeye akiniuliza, "Mume wangu, umenipendea nini?" nilikuwa namjibu, "Vyote." Neno la kujaza ubao! Alitaka kitu kimoja, chenye jina. Vya kupokea nilivifanya vyembamba, vya kutoa nikavifanya vipana, nikageuza mishale yote miwili. Siku hizi ninakula chochote kitakachotoka jikoni, hata chumvi ile, na Vero akiniuliza swali hilo ninamjibu kwa jina: kwa sababu ulilisoma bango langu ukaniamini.

Nina swali pia, ukipata nafasi chuoni uniulizie. Kinyume cha kinyume kinakwenda wapi? Kwa mfano, fundi anayepokea mashine, na mashine nazo zinapokea nafaka. Mshale ukigeuka, ukageuka tena, unarudi njia ya mwanzo? Mimi nahisi unarudi. Sina uthibitisho, nina hisia tu, ila zinanifurahisha.

Basi nilichokalia kuandika ni hiki. Neno lile la kwenye kipaza sauti nalichukua. Usimwite mama. Kesho stendi akikupa mkono, mpe shikamoo yako tupu kama kawaida, naye ataitika, na mimi sitakukazia macho. Nenda ukiwa mwepesi. Nilikuwa nimeogopa kwamba ungeondoka na neno hilo limekukwama kooni, na kila likizo ungetafuta sababu ya kutorudi

Ngoja.

Nimeinua kalamu. Umesema kitu huko jikoni.

Nakiandika kama nilivyokisikia, usije ukakikana. Umesema, "Mama Lupiro." Visu vikanyamaza vyote viwili. Ukarudia, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la kawaida kabisa, "Mama Lupiro, hivi vitunguu vinatosha?"

Vero akajibu: "Vinatosha." Halafu tena: "Kata kingine."

"Si umesema vinatosha?"

"Kata tu, mwanangu. Nipate kisingizio."

Na sasa mnacheka, wote wawili, na mmoja wenu anapenga kamasi, na mimi nimekaa juu ya magunia sijui niweke wapi mikono.

Yustina, niliomba mama, umetoa Mama Lupiro. Nimeligeuza kila upande. Kila Mama Lupiro ni mama, na kwenye kutoa, chembamba kinatosha mahali pa kipana. Wala hakuna mwingine ambaye jina hilo lilishawahi kukaa juu yake. Kompyuta yako isingelikataa. Sifuti chochote nilichoandika huko juu. Utakisoma ukiwa kwenye basi, mkishapita kijiji cha Mkula, na utajua kwamba ulinitangulia kabla sijamaliza.

Mnaniita. Harufu ni ya ugali. Nikiingia na macho mekundu nitasema ni pumba za mashine, na ninyi, tafadhali, mpokee.

Baba yako,
mkoboa mpunga tu